Kuhesabu Sukari kwa Mwanga

Watu wa Keroka ambao figo zao zimeshindwa hushuka hadi Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Kisii kusafishwa damu, na wagonjwa wa namna hiyo aghalabu huchomwa sindano ya erithropoietini. Hospitalini huitwa EPO. Wasomaji wa kurasa za michezo wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine, maana limewaharibia sifa wakimbiaji wetu kadhaa. Figo nzima huitengeneza homoni hii yenyewe na kuipeleka kwenye uboho, ili uboho utoe chembe nyekundu za damu. Figo ikifa, damu hupungua, mtu akapauka midomo na kucha, akaanza kuhema kwa kupanda kilima ambacho jana alikipanda akipiga gumzo. Sindano ndiyo huziba pengo hilo.

Kilichomo ndani ya kichupa si protini tupu. Karibu asilimia 40 ya uzito wa EPO ni sukari: minyororo mitatu mikubwa iliyoota kwenye asidi amino iitwayo asparajini, na mmoja mdogo ulioota kwenye serini. Protini ya namna hii huitwa glaikoprotini, na minyororo yake ya sukari ni glaikani. Ncha za minyororo hiyo hufunikwa na sukari ya aina ya pekee, asidi ya siali, na molekuli moja ya EPO yaweza kubeba hadi 14. Ncha hizo ndizo huamua dawa itakaa muda gani mwilini. Gilbert Ashwell na Anatol Morell, waliofanya utafiti wao Marekani kuanzia miaka ya 1960, walionyesha kwamba glaikoprotini iliyovuliwa asidi ya siali hunaswa na ini na kutoweka kwenye damu kwa dakika chache. EPO nayo haikwepi sheria hiyo. Protini yaweza kuwa kamili, kila asidi amino ikiwa mahali pake, na bado sindano isimfae mgonjwa kwa sababu ncha zilipukutika kiwandani.

Basi lazima mtu azihesabu sukari hizo kabla dawa haijaruhusiwa kutoka. Mtu huyo nimemheshimu kwa muda mrefu, na kazi yake nataka kuieleza polepole, kwa kuwa yenyewe haifanywi kwa haraka.

Tatizo lake la kwanza ni kwamba sukari hizi hazionekani. Protini hufyonza mwanga wa urujuanimno kwa sababu ya baadhi ya asidi amino zake, kwa hiyo chombo huweza kuiona ikipita. Glaikani haina sehemu ya kuufyonza mwanga huo ipasavyo, wala haing'ai. Tone moja laweza kuwa na mabilioni ya minyororo, na chombo kikaliona kama maji matupu. Dawa ya upofu huo ni kuubandika kila mnyororo rangi inayong'aa. Rangi iliyozoeleka zaidi ni 2-AB, yaani 2-aminobenzamidi, ambayo ukiimulika kwa mwanga wa nanomita 330 hujibu kwa mwanga wa buluu wa nanomita 420 hivi. J. C. Bigge na wenzake nchini Uingereza waliichapisha njia hiyo mwaka 1995, na tangu hapo imekuwa msingi wa fani nzima.

Uzuri wake uko katika jambo dogo la kemia. Mnyororo wa glaikani unaweza kuwa na matawi mawili, matatu au manne, lakini ukishang'olewa kwenye protini una mwisho mmoja tu ulio wazi, na rangi hushika hapo peke yake. Mnyororo mmoja, rangi moja. Mji wetu wa Keroka umekalia mpaka wa kaunti mbili, Kisii upande huu na Nyamira upande ule. Mfikirie karani anayetaka kujua soko lina wachuuzi wangapi. Akipima uzito wa bidhaa atadanganyika, kwa sababu mwenye lori la ndizi atahesabiwa kama watu mia. Akimkatia kila mchuuzi stakabadhi moja, awe na mkungu mmoja au lori zima, vishina vya kitabu vitampa hesabu ya watu. Lakini mchuuzi mmoja akikatiwa stakabadhi mbili, moja ya kila kaunti, au wauzaji wadogo wa pembeni wakirukwa, kitabu kitasema uongo.

Na uongo huo una aina mbili, jambo ambalo watu wengi hulipita bila kulitazama. Karani akiwaruka wachuuzi kumi katika kila mia, wakubwa kwa wadogo bila kubagua, jumla yake itapungua lakini uwiano utabaki sahihi. Akiwaruka wadogo peke yao, uwiano wenyewe umepinda. Anayebandika rangi kwenye glaikani huishi na tofauti hiyo kila siku. Rangi ikishika sehemu tu ya minyororo, si msiba, mradi imeshika aina zote kwa kiwango kilekile, kwa kuwa ripoti yake ni ya asilimia: aina hii ni kiasi gani cha jumla, na ile kiasi gani. Jina la makala ya Bigge liliweka neno la kutobagua mbele ya neno la ufanisi, na naona walipanga vizuri.

Sasa tuingie maabara. Glaikoprotini hukunjuliwa kwanza kwa joto na sabuni ili sukari zilizojificha zifikike, kisha hutiwa kimeng'enya kiitwacho PNGase F na kuachwa usiku kucha kwenye nyuzi 37. Kimeng'enya hiki hukata pale hasa ambapo mnyororo umeshikana na asparajini. Lakini mnyororo haukatwi ukiwa tayari kupokea 2-AB. Hutoka ukiwa na kikundi cha amino mwishoni, na kikundi hicho lazima kidondoke chenyewe, kwa kusaidiwa na asidi dhaifu, kabla mwisho haujafunguka. Asiyesubiri hatua hiyo atabandika rangi kwenye sehemu ya minyororo yake na kuiacha nyingine, bila dalili yoyote ya kumwonya. Kioevu ni kilekile machoni, mirija ni ileile.

Kisha sampuli hukaushwa, na huongezwa mchanganyiko wa rangi: 2-AB yenyewe, asidi ya siki, kiyeyusho cha DMSO, na sodiamu sianoborohaidraidi ya kukaza muungano usifumuke tena. Kemikali hii ya mwisho ni sumu na ikikutana na asidi huweza kutoa gesi ya sianidi, ndiyo maana kazi hufanywa chini ya dohani ya maabara. Mwaka 2010 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba 2-pikolini borani, isiyo na hatari hiyo, yaweza kuchukua nafasi yake. Mirija huwekwa kwenye nyuzi 65 kwa saa mbili au tatu.

Hapo ndipo penye kitendawili kinachonifanya niistahi kazi hii. Asidi na joto, vitu viwili ambavyo rangi inavihitaji ili ishike, ndivyo hasa vinavyoing'oa asidi ya siali. Sukari tunayotaka kuihesabu zaidi ya zote ndiyo iliyo tayari kuanguka kuliko zote. Joto likipanda kidogo, au mirija ikisahauliwa wakati mtu anajibu simu, ncha huanza kupukutika. Mnyororo wenye asidi nne za siali unakuwa wa tatu, wa tatu unakuwa wa mbili, na kila mmoja bado una rangi yake, bado unang'aa vizuri, bado unahesabiwa. Mashine haitalalamika. Itatoa mchoro msafi wenye vilele vilivyochongoka, na mchoro huo utasema kwamba dawa ni mbovu ilhali iliyoharibika ni sampuli. Kundi la Bigge lilitafuta kiwango cha asidi na joto ambacho rangi inashika na ncha zinabaki, na upotevu waliouripoti ulikuwa chini ya asilimia mbili. Watu huikariri namba hiyo kana kwamba ni sifa ya kemikali. Kwangu mimi ni sifa ya mkono unaotoa mirija kwa wakati, kila mara, kwa miaka.

Baada ya hapo kuna usafishaji. Rangi iliyotiwa ni nyingi kupita kiasi, kwa sababu lazima itoshe, na rangi isiyoshika chochote ikibaki itang'aa na kufunika kila kitu. Glaikani hushikwa kwenye kitu kinachopenda maji, rangi ya ziada ikaoshwa kwa asetonitrili, kisha glaikani zenyewe zikateremshwa kwa maji. Kitu cha kuzishika kinaweza kuwa cha bei ghali, na kinaweza kuwa pamba. Mwaka 2011 watafiti wa Leiden waliripoti kwamba kipande kidogo cha pamba ya kawaida, kikisokotwa kwenye ncha ya pipeti, hushika glaikani vizuri. Hili napenda wanafunzi wetu walijue. Lakini hata hapa pana mtego. Minyororo midogo hushika kwa nguvu ndogo kuliko mikubwa, kwa hiyo kuosha kupita kiasi huiondoa midogo kwanza, na hao ndio wachuuzi wa pembeni waliorukwa. Halafu kuna sukari za nje: vumbi la karatasi, unga wa glavu, masalia kwenye chombo. Zote zina mwisho ulio wazi, na zote hupokea rangi kama wenyeji.

Ndipo sampuli inapoingia kwenye safu ya kutenganisha. Minyororo midogo hutoka mapema na mikubwa huchelewa, na kila mmoja ukipita mbele ya taa hujibu kwa kilele cha mwanga. Ili kujua kilele ni cha nani, mtaalamu hupitisha pia ngazi ya dekstrani, yaani minyororo ya glukosi yenye sukari moja, mbili, tatu na kuendelea, na kila kilele hupewa kipimo kwa vizio vya glukosi. Kipimo hicho hakitegemei sana siku wala mashine, kwa hiyo mtu wa Dublin na mtu wa Nairobi wanaweza kusomeana majedwali.

Kilele peke yake bado si ushahidi. Minyororo miwili tofauti yaweza kutoka pamoja. Fundi makini hugawa sampuli yake, fungu moja akalitia kimeng'enya kinachokula asidi ya siali peke yake, jingine akaliongezea kinachokula galaktosi, na kuendelea, kisha akazipitisha zote tena. Vilele vilivyokuwa na asidi ya siali huhama, visivyokuwa nayo hubaki. Mnyororo hujitambulisha kwa namna unavyovuliwa, sukari moja baada ya nyingine. Kazi hiyo yaweza kuchukua siku mbili tatu kwa sampuli moja, na hakuna hatua ndani yake inayofurahia kuharakishwa.

Kuna mnyororo ambao njia hii yote inaukosa. Ule mdogo wa EPO ulio kwenye serini hauguswi na PNGase F, na hakuna kimeng'enya kimoja cha kuing'oa minyororo yote ya aina yake. Inabidi kutumia kemikali, mara nyingi haidrazini, na kemikali hizo zisipodhibitiwa huendelea kuumenya mnyororo kutoka mwisho wake ulio wazi. Ripoti ya uaminifu husema wazi ni minyororo ipi imehesabiwa na ipi haikuguswa.

Mtego kama huo uko hata karibu na kwetu. Mto Gucha unaanzia kwenye milima ya Nyamira na kumwaga maji yake Ziwa Victoria, na omena wanaopimwa sokoni Keroka hutoka ziwa hilohilo. Ziwani kuna kichocho cha tumbo, kinacholetwa na mnyoo Schistosoma mansoni. Glaikani za mnyoo huyu hazifanani na za binadamu. Baadhi zina zailosi na fukosi zilizopachikwa kwenye shina la mnyororo, na fukosi ikikaa kwa mkao huo PNGase F haiwezi kukata. Anayefuata mapishi ya EPO bila kufikiri ataing'oa minyororo ya kawaida, ataibandika rangi, atapata mchoro safi, na sukari zilizomtambulisha mnyoo zitabaki kwenye protini, gizani. Dawa yake ni kuivunja protini vipande kwanza, kisha kutumia PNGase A, kimeng'enya kinachotoka kwenye lozi.

Sukari hizo zina maana kwa miili ya watu wa ziwa. Gyaviira Nkurunungi na wenzake wa Entebbe, wakishirikiana na Leiden, walichapisha mwaka 2019 utafiti uliolinganisha damu ya watu wa visiwa vya Ziwa Victoria upande wa Uganda na ya wakazi wa mjini Entebbe. Glaikani zilipangwa kama vidoa kwenye vioo, damu ikapitishwa juu yake, na kingamwili zilizoshika zikafichuliwa kwa kingamwili nyingine iliyobandikwa rangi inayong'aa. Swali lilihusu zailosi na fukosi za shina, na uhusiano wake na kichocho na mzio. Hapo kinachopokea rangi ni kingamwili na siyo sukari, lakini nidhamu inayodaiwa ni ileile: rangi ishike panapostahili, na isibaki pasipostahili.

Zanzibar imeonja njia nyingine tena. Mnyoo wa kichocho hutapika kwenye damu ya mwenyeji wake kitu kiitwacho CAA, ambacho sehemu yake kubwa ni mnyororo mrefu wa sukari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa mikojo ya watu wa Unguja na Pemba, ulipima uwezo wa kipimo kinachokitafuta kitu hicho kwa chembechembe zinazomulikwa kwa infraredi na kujibu kwa mwanga unaoonekana. Hakuna kitu cha asili mwilini kinachojibu hivyo, kwa hiyo hata mwanga hafifu sana huaminika. Ni werevu mkubwa, hasa kwa visiwa ambavyo kichocho kimepungua na waliobaki nacho wana minyoo michache isiyotoa mayai ya kuonekana kwa hadubini.

Je, watu tofauti wakihesabu sukari zilezile hupata jibu moja? Mwaka 2007 maabara 20 zilitoa majibu yao juu ya transferini na kingamwili IgG zilizogawiwa kutoka chanzo kimoja. Baadhi zilipima uzito wa molekuli, nyingine zilifuata njia ya rangi, na pale kazi ilipofanywa vizuri matokeo ya pande mbili yalioana. Mwaka 2020 Taasisi ya Viwango ya Marekani, NIST, ilitoa matokeo ya zoezi kubwa zaidi juu ya kingamwili yake ya rejea, NISTmAb. Maabara 76 zilituma ripoti 103. Kuna iliyoona aina 4 za glaikani na kuna iliyoona 48. Kwa jumla zilitajwa aina 116, na ni 57 tu zilizopewa kiwango cha makubaliano. Kichupa kilekile, mikono tofauti.

Siku hizi kuna rangi za haraka. RapiFluor-MS, iliyotoka mwaka 2015, hushika kwa dakika chache, kwa sababu haisubiri kikundi cha amino kidondoke bali hukishika kikiwa bado kipo. Haihitaji asidi wala saa za joto, na hilo ni afueni kwa asidi ya siali. Inadai umakini wa aina yake: ukichelewa, amino imeondoka na rangi haina pa kushika, na bafa yenye amino, kama Trisi, huila rangi kabla haijaifikia sukari. Kwa kingamwili zinazotengenezwa kwa wingi naona rangi hizi zinatosha na zaidi. Kwa dawa mpya ya EPO, au kwa mnyoo ambaye glaikani zake bado zinachunguzwa, ningemwamini zaidi yule anayezivua sukari moja moja kwa siku tatu.

Katika maabara zile 76 kulikuwa na za Ulaya, Amerika Kaskazini, Asia na Australia. Afrika haikutajwa. Nalitazama jambo hilo pamoja na jingine. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 nchini Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Maabara zinazopima sumu hiyo hutumia safu ya kutenganisha na kitambuzi cha mwanga unaong'aa, maana sumukuvu hung'aa yenyewe kwa buluu au kijani ikimulikwa kwa nanomita 360 hivi. Kitambuzi hichohicho hurekebishwa hadi 330 na 420 kwa kubadilisha namba mbili kwenye kompyuta. Yaani aina ya mashine inayoweza kulichunguza gorogoro la mahindi la Keroka inaweza kuhesabu sukari za EPO inayochomwa Kisii, ikipewa safu inayofaa na mtu aliyefunzwa.

NISTmAb inauzwa kwa maabara yoyote inayoiagiza, kwa namba RM 8671. Walimu wa kemia na baiokemia wa vyuo vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kisii, wanaweza kuagiza kichupa kimoja, wakawapa wanafunzi pamba, 2-AB na muda, kisha wakalinganisha walichokipata na zile aina 57 zilizokubaliwa. Nawaomba waanze na hilo.